Setilaiti, droni au miguu na simu: kikundi cha mikoko Mombasa kianze na kipi?

Kila nikikaa na vikundi vya mikoko, iwe Mikindani, Jomvu ama kule Junda, swali ni lile lile, tununue droni gani. Hawaulizi kama wanaihitaji, hapo washapita, wanauliza aina na bei. Na mie jibu langu nalirudia kila mara mpaka nahisi nawachosha, lakini pesa zenyewe ni za mchango, ama za mfadhili anayekuja mara moja halafu humuoni tena, kwa hivyo wacha niliandike lote hapa. Droni isiwe ya kwanza. Anzeni na miguu na simu, halafu setilaiti, droni iwe ya tatu na ikiwezekana iwe ya kukodi.

Kabla hamjachagua chombo kaeni chini mkubaliane mnataka kujua nini. Kuna kikundi kinataka kujua msitu wote wa Tudor umepungua kiasi gani tangu wazee wao walipokuwa vijana. Kuna kingine kinataka kujua wakataji wa usiku wametoboa wapi mwezi huu. Kingine kilipanda miche mwaka jana na sasa kinaulizwa imebaki mingapi. Haya ni maswali matatu mbalimbali kabisa na hakuna chombo kimoja kinachoyajibu yote, atakayekwambia kipo anakuuzia kitu.

Na hali yenyewe ya hapa kwetu si ya kusubiri. Hori la Tudor na la Port Reitz yote yamezungukwa na mji, maji taka yanaingia moja kwa moja, plastiki inaletwa na kila mvua, na mti wa mkoko bado ndio fito, ndio boriti, ndio kuni ya kupikia na ya kupikia chang'aa. Kuna utafiti uliochapishwa 2014 ulioonyesha Tudor ilipoteza asilimia 86.9 ya msitu wake kati ya 1992 na 2009, na hori la Mwache asilimia 45.4. Nilipozisoma hizo namba mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kitu ninachotaka mkizingatie kwa sasa ni vile wale watafiti walivyofanya kazi: walitumia picha za setilaiti ya SPOT za 1994, 2000 na 2009 pamoja na ramani ya 1992, lakini pia waliingia topeni wakapima kwenye mistari 22 Mwache na 10 Tudor. Watu wenye shahada zao na picha za kulipia, na bado walivaa gambuti wakaingia. Na baada ya yote hayo uainishaji wa picha ya 2009 ulikuwa sahihi kwa asilimia 80 na kitu, yaani katika kila pointi tano moja ilikosewa, na hio ni kazi nzuri, sio mbovu.

Setilaiti: bure, na inakumbuka

Wengi hawajui kwamba picha hizi hazilipiwi. Landsat ya Marekani inapiga tangu 1972 na tangu 2008 hifadhi yote iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Sentinel-2 ya Ulaya ilianza 2015, ikaongezewa mwenzake 2017, na kila siku 5 hivi kuna picha mpya ya Mombasa. Laptopu ya zamani inatosha kwa sababu ukitumia Google Earth Engine hesabu zinafanyika kwenye kompyuta za Google huko, wewe unahitaji bando na uvumilivu tu, na kwa kazi isiyo ya biashara ni bure.

Nguvu yake kubwa ni kumbukumbu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi sana kutoka bara likafukia mizizi ya mikoko ya Mwache, eneo kubwa likakauka limesimama vile vile. Leo kijana wa miaka ishirini anaona tambarare tupu pale na anadhani ndivyo palivyoumbwa. Setilaiti inaweza kumuonyesha kabla na baada, na inaweza kumuonyesha pia Port Reitz kabla ya reli ya SGR kupita na baada. Droni uliyonunua jana haina picha ya juzi. Hata kama hamna mtu wa kuchakata picha, fungueni Google Earth ya kwenye kompyuta, kuna kitufe cha kurudisha miaka nyuma, mburute pole pole mkiwa na wazee wa mtaa wamekaa hapo, mtasikia historia ambayo haijaandikwa popote.

Sasa udhaifu. Pikseli moja, yaani kidoa kimoja cha picha, ya Sentinel-2 ni mraba wa mita 10 kwa 10 na ya Landsat ni 30 kwa 30, kwa hivyo hekta nzima Sentinel inaichora kwa vidoa 100 na Landsat kwa vidoa 11 tu. Mkataji wa fito hafyeki hekta. Anaingia ndani anachagua, mmoja hapa mwengine kule, anatoa iliyonyooka anaacha iliyopinda, na matawi ya iliyobaki yanaziba juu, setilaiti inaona kijani inakwambia salama. Nishaingia mahali ambapo picha inawaka kijani kizuri na chini unakanyaga visiki kila hatua tatu. Na usitegemee sana kwamba itakutenganishia aina za miti, mchu na mkandaa na mkoko wenyewe, makundi makubwa yaliyojitenga sawa, lakini pale mti umechanganyikana na mti, na kwetu imechanganyikana, itabahatisha.

Mawingu nayo. Masika na vuli unaweza kukaa wiki na wiki unapata picha ya mawingu tu, kwa hivyo tafuteni za Januari na Februari wakati wa kaskazi, anga ni safi, na mlinganishe kaskazi na kaskazi, msichukue Februari ya mwaka huu mkailinganisha na Juni ya mwaka ule mkaanza kupiga kelele msitu umebadilika. Kama shida yenu ni mafuriko, kwa mfano mvua za mwisho wa 2023 zilivyotufanya, basi kuna Sentinel-1 ambayo ni rada, hio inapenya mawingu, ila picha zake ni za kijivu zenye chenga chenga na zinataka mtu aliyezizoea.

Kuna jambo moja limenifurahisha sana nilipoligundua na sijaona likizungumzwa. Sentinel-2 inapita juu yetu kama saa tano kasorobo asubuhi. Na mtu yeyote wa pwani anajua kwamba Mombasa siku za bamvu, zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, saa tano za asubuhi. Yaani picha ya siku ya bamvu inakuta maji yako chini kabisa, tope na mizizi nje, na picha ya siku za maji mafu, zile za katikati ambapo maji hayapandi wala kushuka sana, inakuta maji yamejaa. Kwa hivyo kabla ya kupakua picha angalia mwezi wa angani ulikuwa wa siku ngapi. Ukichukua moja ya bamvu na moja ya maji mafu, ukingo wa msitu upande wa mlilana, ule wa bahari, utaonekana umesogea, na wala haujasogea, ni maji.

Droni: macho makali, masharti mengi

Sibishi kwamba inavutia. Ukiirusha mita 100 juu, kamera ya kawaida inakupa pikseli ya sentimita 3 hivi, unaona mti mmoja mmoja, unaona njia za wakataji zilivyojipinda kutoka ufukweni, unaona mfuko wa nailoni umenasa. Ukizipanga picha zikapishana vizuri, asilimia 75 hadi 80, programu ya WebODM ambayo ni ya bure inaziunga kuwa ramani moja na inakupa hata urefu wa vichwa vya miti. Kwa kuonyesha kiongozi ama hakimu kwamba hapa palikatwa, hakuna kinachofikia picha ya droni. Mtu haelewi vidoa vya kijani lakini kisiki anakielewa.

Lakini sikizeni hili. Mradi mmoja, sitautaja, ulileta mtaalamu na droni yake ya maana kupima miche iliyopandwa na kina mama wa mtaa fulani pembeni mwa hori. Alifika mchana, akapanga vitu vyake, akarusha saa kumi jioni. Ilikuwa siku ya bamvu. Hakuna aliyemwambia na yeye hakuuliza, na kina mama wenyewe hawakuitwa kwa sababu ati ni kazi ya kitaalamu. Ramani ikatoka nzuri, inameta, ni maji matupu kila mahali palipopandwa, na ripoti ikaandikwa kwamba miche haikushika. Asubuhi yake tukashuka na kina mama maji yakiwa yamepwa tukahesabu, ilikuwepo, mamia kwa mamia, mingine ishatoa majani sita. Kurekebisha ile ripoti ilichukua miezi na msimu mmoja wa kupanda ukapita bila pesa. Mama mmoja aliniuliza mwanangu hiyo ndege haina macho, nikakosa la kumjibu. Macho inayo, ililetwa saa ambayo hakuna cha kuona.

Halafu kuna sheria, na hapa Mombasa zinauma zaidi kuliko ukiwa mashamba. Kanuni za droni za Kenya ni za 2020, droni isajiliwe KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, anayerusha awe na kibali chake, na mwisho ni futi 400 kwenda juu. Sasa tazama ramani: uwanja wa ndege wa Moi uko pale pale juu ya Port Reitz, bandari ya Kilindini iko katikati, kambi ya wanamaji iko Mtongwe. Maeneo mengi ya mikoko yetu yako karibu na kitu kimoja katika hivyo, na kibali cha kurusha hapo si cha kuombwa leo ukapata kesho. Mikoko yenyewe ni msitu wa hifadhi tangu 1932, kwa hivyo na watu wa huduma ya misitu nao wajulishwe. Na nyumba za watu zimefika mpaka ukingoni, unapiga picha nyua za watu na watu wanaoga, sheria ya kulinda data ipo tangu 2019 na hata kama isingekuwepo adabu ipo.

Gharama haiishi kwenye kununua, na bei ya kununua ya droni inayofaa ramani ni ya bodaboda mpya au zaidi. Betri moja ni dakika 25 hivi za kweli, upepo wa kusi ukivuma ni chini ya hapo, inakutolea hekta 20 ama zaidi kidogo. Chumvi inakula mota. Ikianguka topeni usiifuate peke yako. Na picha mia nane za siku moja zinataka kompyuta yenye nguvu ama ukae nazo usiku kucha, na hio laptopu ya kikundi itaganda.

Kwa hivyo kukodi: siku moja ama mbili kwa mwaka, mtu mwenye vibali vyake tayari, na nyinyi ndio mnaompangia saa. Mwambieni siku ya bamvu kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa halijakaa utosini maana likikaa utosini vidimbwi vyote vinarudisha mwanga na picha inachomeka. Wekeni chini alama kubwa nyeupe kabla hajarusha, vipande vya turubai vinatosha, na kila alama mpime kwa GPS iko wapi, ndipo ramani ya mwaka huu na ya mwaka ujao zitakapokaa moja juu ya nyingine.

Miguu na simu: ndipo pa kuanzia

Hapa ndipo watu wanaponiona nimerudi nyuma. Tuko na teknolojia na wewe unatuambia tukanyage tope. Ndio. Kwa sababu kuna vitu havionekani kutoka juu kwa chombo chochote: unene wa shina, miche iliyo chini ya kivuli, tope limepanda kiasi gani kwenye mizizi, mchu unaoliwa na wadudu, kisiki kama ni cha wiki hii ama cha mwaka jana, na kaa kama bado wapo. Na kila ramani ya setilaiti na ya droni inahitaji mtu wa chini aseme hapa ni kweli, hapa umekosea. Bila hivyo ni rangi tu.

Simu ya kawaida ya Android inatosha. KoboToolbox unatengeneza fomu yako kwa Kiswahili, inafanya kazi bila mtandao, unatuma ukirudi penye intaneti. QField ni ya kukuonyesha uko wapi juu ya ramani yenyewe, unaweza kuweka picha ya Sentinel chini yake ukatembea mpaka kwenye kidoa kinachokutatiza ukakiangalia kwa macho. Zote bure. GPS ya simu peupe inakosea mita 3 hadi 5, chini ya majani mazito ya mkoko inakosea zaidi, kwa hivyo usibonyeze ukifika tu, simama dakika mbili tatu itulie. Na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki umefungwa shingoni, nimeshapoteza moja.

Upimaji wenyewe ni ploti, yaani vipande vya kupimia, za mita 10 kwa 10, kamba na tepu ya fundi cherehani. Unazungusha tepu kwenye shina kwa urefu wa kifua, mita 1.3, unagawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Mkoko wenyewe, ile aina, ni tofauti kwa sababu ya ile mizizi yake ya magongo, unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kila mti andika jina, na majina tunayo sisi wenyewe hatuhitaji kitabu: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Hapa ndipo mvuvi na mkata boriti mstaafu wanapomshinda mtu wa chuo, mzee anakwambia hii ni pau, ile ishakuwa boriti, kwa kutupa jicho tu, na ukipima unakuta ni kweli. Timu ya watu wanne waliozoea inamaliza ploti sita hadi nane kwa kupwa kumoja, yaani yale masaa manne, mawili kabla maji hayajafika chini na mawili baada. Mkipitisha hapo maji yanawafuata kutoka nyuma kwenye vijito, na hilo si la kujaribu, bamvu la kwetu linaweza kupanda karibu mita 4.

Udhaifu wake ni huo huo wa miguu: eneo dogo, kazi ngumu, na mnapenda kwenda panapofikika, kwa hivyo takwimu zenu zitakuwa za pembezoni ambako ndiko kunakokatwa zaidi. Dawa yake ni kuchagua pointi kwenye ramani mkiwa nyumbani, zimetawanyika mpaka ndani, halafu mnazifuata hata kama ni mbali. Usalama pia. Kuna sehemu za ndani wapishi wa chang'aa hawataki mgeni mwenye simu mkononi, msiende bila mzee wa mtaa kujua, na ikibidi muwe na askari wa msitu. Mahali ambapo hakuendeki hata kwa hayo, basi hapo ndipo setilaiti na droni zinapofaa kweli.

Sasa nani achague nini

Kama swali ni msitu wote na miaka mingi, setilaiti, hata usifikirie kingine. Kama ni ushahidi wa ukataji sehemu moja, droni ya kukodi pamoja na ploti mbili tatu za chini. Kama ni miche, miguu, na picha ya simu kutoka sehemu ile ile kila miezi mitatu. Kama mnaota biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti imeihifadhi, kama wenzetu wa Gazi na mradi wao wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, basi vipimo vya shina havikwepeki, soko la kaboni linataka kujua uzito wa mti na uzito hautoki kwenye rangi ya kijani.

Kama hamjui swali lenu bado, anzeni na miguu, swali litakuja lenyewe mkiwa humo ndani.

Jambo la mwisho ni la ramani, linawakwaza wengi. Vyote vitatu viwekwe kwenye mfumo mmoja wa kuonyesha mahali kwenye ramani, WGS 84 UTM kanda 37 kusini. Zile ramani za zamani za serikali za 1:50,000 ziko kwenye mfumo wa zamani, Arc 1960, ukizichanganya bila kugeuza mambo yanahama kama mita 300, na mita 300 Mikindani ni kutoka katikati ya mikoko mpaka sebuleni mwa mtu. Nimeona kikundi kikibishana na mwenye kiwanja mwezi mzima kwa kosa hili.

Mkianza bamvu lijalo, pigeni ploti kumi tu, msikimbilie hamsini, na kona zake mziwekee alama mtakazozikuta mwakani. Bomba la plastiki lililochomekwa chini kabisa linakaa, mbao itabebwa kuni kabla bamvu linalofuata halijafika.